Kwa nini runinga ilihamisha kura nyingi Urusi na chache Marekani?

Mfuatiliaji wa Chaguzi

Ndugu zangu, naomba msaada wa kupatanisha mambo mawili ambayo, kwa jinsi ninavyoyaona, yanagongana. Uchaguzi unapokaribia katika nchi yoyote ile, husikika kauli mbili: ya kwanza hudai kwamba mwenye runinga na magazeti ndiye mwenye kura, na ya pili hushikilia kwamba mpiga kura huingia kituoni akiwa amekwisha kuamua siku nyingi, kwa hiyo vyombo vya habari humthibitishia tu kile alichokuwa akikiamini. Nilitarajia kwamba tafiti zingeumaliza ubishi huu, lakini zimeniongezea utata.

Wanauchumi Ruben Enikolopov, Maria Petrova na Ekaterina Zhuravskaya waliuchunguza uchaguzi wa bunge uliofanyika Urusi Desemba 1999. Wakati huo NTV ndiyo iliyokuwa runinga pekee ya kitaifa isiyokuwa mikononi mwa serikali, na mawimbi yake hayakufika kila mahali. Walikadiria kwamba kupatikana kwa NTV kulikipunguzia chama kilichoungwa mkono na serikali takriban pointi 8.9 za asilimia. Sasa linganisha na Marekani. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walipopima kilichotokea baada ya Fox News, kituo cha habari chenye mwelekeo wa kihafidhina, kuingia katika televisheni za kebo kati ya mwaka 1996 na 2000, walikuta kura za urais za chama cha Republican zimeongezeka kwa kati ya pointi 0.4 na 0.7 tu. Joshua Kalla na David Broockman nao walijumlisha matokeo ya majaribio 49 ya kampeni nchini humo, na makadirio yao ya uwezo wa kampeni kuwageuza watu katika uchaguzi mkuu yakawa, kwa wastani, sufuri.

Tofauti kubwa namna hii inatoka wapi? Je, ni tabia ya chombo chenyewe, ni tabia ya mpiga kura, au ni namna watafiti walivyopima?

Mwalimu wa Uraia

Ndugu Mfuatiliaji, kwanza nisingezidharau pointi 0.4. Urais wa Marekani mwaka 2000 uliamuliwa na tofauti ya kura 537 katika jimbo la Florida, na katika kinyang'anyiro cha namna hiyo nguvu ndogo sana inatosha kumpeleka mtu ikulu. Hata hivyo swali lako linabaki palepale, na jibu langu ni kwamba ulitazame zaidi lile ambalo mpiga kura alikuwa nalo kichwani kabla ya kuiwasha runinga.

Chama unachokizungumzia, Unity, kilikuwa kimeundwa miezi michache tu kabla ya uchaguzi ule. Hakuna Mrusi aliyekuwa amezaliwa katika familia ya Unity, hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya namna chama hicho kilivyotawala, na karibu kila alichokijua mtu kukihusu alikipata kwenye taarifa ya habari. Marekani, kinyume chake, watu wengi huirithi itikadi ya chama kama wanavyorithi dini, na habari mpya inapofika hukuta kiti kimeshakaliwa. Paul Lazarsfeld na wenzake waliliona jambo hili tangu uchaguzi wa 1940, walipowahoji mara kwa mara wakazi wa wilaya ya Erie katika jimbo la Ohio: waliohamishwa na kampeni kutoka upande mmoja hadi mwingine walikuwa wachache, na wengi walichofanya ni kuimarika katika msimamo waliokuwa nao. Waligundua pia kwamba maneno ya redio na magazeti mara nyingi yaliwafikia watu kupitia kinywa cha jirani au mfanyakazi mwenzao aliyekuwa akifuatilia siasa kwa karibu.

Jambo la pili ni upungufu wa sauti nyingine. Mrusi asiyepata NTV alibaki na runinga za kitaifa zilizokuwa chini ya serikali, ilhali Mmarekani asiyekuwa na Fox News alikuwa na CNN, mitandao mitatu mikubwa ya televisheni, gazeti la mji wake na redio zisizohesabika. Huko Urusi kilichopimwa ni tofauti kati ya kusikia upande mmoja na kusikia pande mbili. Huko Marekani kilichopimwa ni kuongezwa kwa sauti moja katika soko lenye kelele. Sidhani kwamba vitu hivyo viwili vinastahili kuwekwa kwenye mizani moja.

Nguvu hiyo inaweza kuonekana hata ndani ya Marekani kwenyewe, mradi ushindani uwe ule ambao watu hawaufuatilii sana. Alan Gerber, Dean Karlan na Daniel Bergan waliwapelekea bure baadhi ya wakazi wa kaskazini mwa Virginia gazeti la Washington Post au Washington Times kabla ya uchaguzi wa gavana wa mwaka 2005. Waliopelekewa Post walielekea zaidi kumchagua mgombea wa Democratic kwa takriban pointi 8. Ajabu ni kwamba waliopelekewa Washington Times, gazeti la mrengo wa kihafidhina, nao walielekea upande huohuo. Maana yake ni kwamba mwaka ule habari zenyewe zilikuwa na uzito kuliko mwelekeo wa mhariri.

Mhariri Mstaafu

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu umri wa chama na uchache wa vyanzo, ila nahofia kwamba sote tunatafuta nguvu ya vyombo vya habari mahali ilipo dhaifu, yaani katika kumtoa mtu kwa mgombea A na kumpeleka kwa mgombea B. Katika chumba cha habari, uamuzi wenye matokeo makubwa ni ule wa saa za jioni kuhusu habari ipi itatangulia ukurasa wa mbele na ipi itakosa nafasi kabisa. Maxwell McCombs na Donald Shaw wakiwa Chapel Hill, North Carolina, wakati wa uchaguzi wa 1968, waliwauliza wapiga kura 100 waliokuwa bado hawajaamua ni masuala gani yaliwagusa zaidi. Majibu yao yalikaribia sana kulingana na mpangilio wa masuala uliokuwa ukitolewa na vyombo vya habari vilivyofuatiliwa katika eneo lile. Uchumi ukiwa ndio habari ya kila siku, mgombea hupimwa kwa mzani wa uchumi. Usalama ukitawala, mzani hubadilika, na anayefaidika hubadilika naye, bila hata mtangazaji mmoja kutamka neno la kumpendelea yeyote.

Kuhusu matangazo ya kulipia, msisahau kuuliza athari hudumu kwa muda gani. Mapema mwaka 2006 kampeni ya gavana Rick Perry wa Texas iliruhusu watafiti wapange kwa bahati nasibu ni wapi na lini matangazo yake ya runinga yarushwe. Uungaji mkono ulipanda kwa kiwango cha kuonekana wazi, kisha baada ya wiki moja hivi haukubaki wa kutajwa. Mtafiti anayepima siku ya pili na mwenzake anayepima siku ya kumi watarudi na habari mbili tofauti kutoka kampeni ileile, na kwa hiyo sehemu ya utata unaoulalamikia imo katika kalenda.

Naongeza mfano wa Uingereza kwa sababu hutajwa vibaya mara kwa mara. Gazeti la The Sun lilijigamba Aprili 1992 kwamba ndilo lililokipa chama cha Conservative ushindi. Machi 1997 likahamia kwa chama pinzani cha Labour, na Jonathan Ladd na Gabriel Lenz walipowafuatilia wapiga kura walewale kabla na baada ya hapo, walikadiria kwamba magazeti yaliyohama yaliwashawishi kati ya asilimia 10 na 25 ya wasomaji wake. Ni kiwango kikubwa. Lakini Labour ilikuwa ikiongoza kwa mbali katika kura za maoni tangu mapema, ikashinda kwa wingi wa viti 179, na ingeshinda hata kama The Sun lisingehama. Kumshawishi msomaji na kuamua mshindi ni mambo mawili, na wamiliki wa magazeti hupenda sana tuyachanganye.

Mbishi wa Takwimu

Wazee wangu, mnaipa runinga heshima isiyostahili. Malaysia, muungano wa Barisan Nasional ulikuwa na kila kitu: shirika la utangazaji la taifa, gazeti la Utusan lililohusiana na UMNO, chama kikuu cha muungano huo, na gazeti la The Star lililomilikiwa na chama mshirika wake, MCA. Tarehe 9 Mei 2018 muungano huo, ambao pamoja na mtangulizi wake ulikuwa umetawala tangu uhuru wa 1957, uliangushwa kwenye sanduku la kura. Brazili, mwaka huohuo, muda wa bure wa kampeni kwenye runinga uligawanywa kulingana na ukubwa wa vyama bungeni: Geraldo Alckmin alipata zaidi ya dakika tano katika kila kipindi, na Jair Bolsonaro sekunde nane. Alckmin aliishia chini ya asilimia 5 ya kura, na Bolsonaro akawa rais.

Mtu anayejua kwamba chombo fulani ni cha serikali hupunguza uzito wa kila anachoambiwa na chombo hicho, na mwisho wake huacha kukiamini hata kinapotangaza ukweli. Kama udhibiti ungetosha, hakuna chama tawala ambacho kingeshindwa popote duniani.

Mhariri Mstaafu

Mfano wako wa Malaysia naupokea. Wa Brazili una tundu. Tarehe 6 Septemba 2018 Bolsonaro alichomwa kisu katika mkutano wa kampeni huko Juiz de Fora, na kuanzia hapo akawa habari ya kwanza katika kila taarifa ya nchi nzima huku akiwa amelazwa hospitalini, mahali ambapo hakuna mpinzani anayeweza kumshambulia bila kuonekana katili. Sekunde nane zilikuwa za matangazo ya chama. Za habari zilikuwa saa nyingi. Huwezi kutumia uchaguzi ule kuthibitisha kwamba runinga haina nguvu.

Na kwa sababu umezungumzia udhibiti, itazame Chile. Katika kura ya tarehe 5 Oktoba 1988 ya kuamua kama Augusto Pinochet aendelee kutawala, kila upande ulipewa dakika 15 usiku, kwa muda wa majuma karibu manne, baada ya miaka mingi ambayo wapinzani hawakuonekana kwenye runinga ila kwa kusemwa vibaya. "Hapana" ilishinda kwa zaidi ya asilimia 54. Baadaye Felipe González na Mounu Prem walionyesha kwamba mahali ambapo watu waliweza kuziona zaidi dakika zile, Pinochet alipoteza zaidi. Ni somo lilelile la Urusi ya 1999: sauti ya pili, ikija mahali palipokuwa na moja, huwa na nguvu isiyolingana na muda iliyopewa.

Msomi wa Mawasiliano

Nitagusia mambo mawili ambayo hayajaguswa.

La kwanza ni la upimaji, kwa kuwa Ndugu Mfuatiliaji aliuliza. Watu huchagua chombo kinachowapendeza, hivyo ukiwakuta watazamaji wa kituo fulani wakikipigia kura chama fulani, bado hujui kama kituo kimewafanya wawe hivyo au walikuwa hivyo na ndiyo maana wakakichagua. Thamani ya utafiti wa Urusi ni kwamba mitambo iliyorusha matangazo ya NTV ilikuwa imejengwa zamani kwa ajili ya idhaa ya elimu ya Kisovieti, kwa hiyo ramani ya mawimbi haikuchorwa kwa kufuata ramani ya kura. Fox News nayo ilianzia katika miji ambayo kampuni za kebo zilikuwa zimekubaliana nayo, na si lazima iwe miji iliyokuwa ikielekea kulia. Taarifa yoyote isiyokuwa na mpango wa namna hii isomwe kwa tahadhari, hata inapotoka kwa watu wenye majina makubwa.

La pili ni kwamba tunazungumza kana kwamba ni habari pekee zinazofanya siasa. Ruben Durante, Paolo Pinotti na Andrea Tesei walizichunguza runinga za Silvio Berlusconi nchini Italia, ambazo katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 zilifika maeneo mengine mapema na mengine baadaye. Wakati huo zilikuwa za burudani tupu: michezo ya kubahatisha zawadi, filamu, tamthilia, na vipindi vya vichekesho, bila taarifa ya habari. Berlusconi alikuwa bado hajaingia katika siasa. Alipoanzisha Forza Italia mwaka 1994, maeneo yaliyopata burudani ile mapema yalimpa chama chake kura zaidi kwa takriban pointi moja, na tofauti hiyo ilidumu kwa chaguzi tano. Wazee waliozizoea runinga zile waliendelea kuzitazama hata zilipoanza kutoa habari zenye upendeleo. Waliozitazama utotoni nao, walipokuwa watu wazima, walikuwa wepesi zaidi kuvutwa na lugha rahisi ya kisiasa. Pointi moja si kitu cha kutisha, lakini haikununuliwa na tangazo hata moja la kampeni. Hili, kwa maoni yangu, ndilo linalopaswa kutushughulisha kuliko mijadala ya wiki mbili za mwisho, kwa sababu hakuna sheria ya uchaguzi inayoligusa.

Mfuatiliaji wa Chaguzi

Nawashukuru sana, na kwa kweli nimeanza kuona njia. Ikiwa nimewaelewa, swali langu la awali lilikuwa na kasoro ya kulinganisha chombo kilichovunja ukimya na chombo kilichojiunga na kelele. Ningependa kuongeza maswali mawili. Je, vipo vielelezo vya vyombo vya habari kumsaidia mpiga kura aamue vizuri zaidi, badala ya kumvuta tu? Na je, sheria za muda wa hewani na ukimya wa kampeni zina faida yoyote?

Mwalimu wa Uraia

Vielelezo vipo, na kilicho bora nakijua kutoka Brazili. Kuanzia mwaka 2003 serikali kuu ilichagua manispaa kwa bahati nasibu hadharani, ikakagua matumizi ya fedha zake na kuyachapisha matokeo. Claudio Ferraz na Frederico Finan walilinganisha mameya ambao ripoti zao zilitoka kabla ya uchaguzi wa 2004 na wale ambao zao zilitoka baada yake. Mameya waliokutwa na ubadhirifu waliadhibiwa na wapiga kura, na adhabu ilikuwa kali zaidi palipokuwa na redio ya eneo. Waliokutwa safi walizawadiwa, na zawadi ilikuwa kubwa zaidi palepale penye redio. Redio haikuhitaji kumwambia mtu amchague nani. Ilichohitaji ni ripoti ya kuaminika inayomhusu meya wa mji uleule, na kituo kilicho karibu kiasi cha kuona faida ya kuisoma hewani. Kituo cha mji mkuu kisingejishughulisha na manispaa ya mbali.

Sierra Leone, katika uchaguzi wa 2012, Kelly Bidwell, Katherine Casey na Rachel Glennerster walirekodi midahalo ya wagombea ubunge na kuionyesha hadharani katika baadhi ya maeneo ya kupigia kura. Waliotazama waliwajua wagombea na sera zao vizuri zaidi, na waliofanya vizuri kwenye mdahalo waliongeza kura. Wagombea wenyewe walizidisha bidii ya kampeni mahali palipoonyeshwa mdahalo, na waliochaguliwa baada ya kushiriki walitumia fedha nyingi zaidi kwa maendeleo ya majimbo yao.

Hata hivyo midahalo ya urais ni habari nyingine, maana huko kila mtu ameshafahamika. Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa urais mwaka 2013. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakufika, Raila Odinga akazungumza peke yake, na Kenyatta ndiye aliyetangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu iliyabatilisha matokeo hayo na uchaguzi ukarudiwa. Mwaka 2022 Odinga ndiye aliyekataa, William Ruto akazungumza peke yake, na Ruto ndiye aliyeshinda. Anayetaka kupata kanuni kutoka chaguzi hizo mbili namtakia kila la heri.

Mwanasheria

Nijibu lile la sheria kwa ufupi. Uingereza hairuhusu matangazo ya kisiasa ya kulipia kwenye redio na runinga. Vyama hupewa vipindi vya bure, na siku ya kupiga kura watangazaji husitisha mijadala ya masuala ya uchaguzi hadi vituo vifungwe. Magazeti hayabanwi na kanuni hiyo, na ndiyo maana The Sun liliweza kujigamba. Ufaransa hudai muda sawa wa kusema kwa wagombea urais wakati wa kampeni rasmi, kisha huweka ukimya kuanzia usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukimya huo ulijaribiwa Ijumaa ya tarehe 5 Mei 2017, barua pepe za kampeni ya Emmanuel Macron zilipovujishwa saa chache kabla haujaanza. Tume iliyosimamia kampeni iliviomba vyombo vya habari visiyachapishe yaliyomo, vikubwa vikatii, na Jumapili Macron akashinda kwa takriban asilimia 66. Kwa pengo kubwa kama lile siwezi kudai kwamba ukimya ndio uliomwokoa. Ninachoweza kusema ni kwamba uliwanyima waliovujisha kile walichokitaka zaidi, yaani siku mbili za vichwa vya habari.

Marekani iliachana na njia hiyo mwaka 1987, ilipoifuta kanuni iliyowataka watangazaji kuzipa nafasi pande zinazopingana katika masuala yenye ubishi. Kanuni hiyo, kwa vyovyote, ilihusu vituo vinavyotumia masafa ya umma, na Fox News, ikiwa ni ya kebo, isingebanwa nayo moja kwa moja.

Udhaifu wa sheria hizi zote ni kwamba zinahesabu sekunde za hewani. Ujumbe wa WhatsApp, ambao wengi waliutumia kwa kampeni huko Brazili mwaka 2018, hauna sekunde wala masafa, hupita ndani ya makundi ambayo mdhibiti hawezi kuyaingia, na huletwa na mtu anayefahamika kwa mpokeaji, yaani yuleyule jirani wa Lazarsfeld. Kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, kilichoanza kutumika duniani kote Januari 2019, hakikuwekwa na bunge wala tume ya uchaguzi ya nchi yoyote. Kiliwekwa na kampuni yenyewe, na kampuni hiyohiyo inaweza kukiondoa bila kumwomba ruhusa mpiga kura yeyote.